Kabla Kijana Hajaenda Mererani, Mpe Daftari

Wiki hii naomba tuweke nyanya pembeni kidogo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halioti shambani lakini linakula shamba: vumbi la mgodini.

Hapa Nduruma mnajua inavyokwenda. Bei ya nyanya ikishuka, au zamu ya maji ya mfereji ikichelewa hadi mahindi yakanyauka, vijana wawili watatu wanafunga begi wanaelekea Mererani. Si safari ya kulala njiani. Mwingine anapewa nauli na baba yake, mwingine anauziwa mbuzi apate pa kuanzia. Kwa hiyo tukubaliane mapema kwamba uamuzi wa kwenda machimboni mara nyingi unafanyika nyumbani, mezani kwako, na pesa yako imo ndani yake.

Siwalaumu wanaokwenda. Tanzanite inachimbwa kwenye vilima vile vya Simanjiro tu, dunia nzima, tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Na kila mmoja wetu alisikia redioni mwaka 2020 habari za mchimbaji mdogo Saniniu Laizer, aliyepata mawe mawili yenye zaidi ya kilo 14 kwa jumla, Serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Habari kama hiyo ikimfikia kijana aliyeuza tenga la nyanya kwa hasara, unategemea afanye nini? Ila mimi kazi yangu ni kuwafundisha kuhesabu gharama kabla ya kupanda, na hesabu ya mgodi nayo ina gharama zake.

Gharama tunazozisikia ni zile za ajali. Mwaka 1998 mvua kubwa zilijaza maji kwenye mashimo ya Mererani, watu wengi wakafa. Mwaka 2002 makumi ya wachimbaji walikufa chini kwa kukosa hewa. Machi 2008 mafuriko yakarudi, yakachukua wengine wengi. Misiba hiyo ilitangazwa na taifa zima likaomboleza. Vumbi halitangazwi, kwa sababu aliyevuta vumbi hafii mgodini. Anafia nyumbani, miaka kadhaa baadaye, na majirani wanasema alikuwa na kifua.

Nieleze linavyofanya kazi. Mwamba ukichorongwa ukiwa mkavu, na baruti ikilipuliwa, mawe yanatoa vumbi. Lile jeusi unaloliona usoni kwa wanaapolo ni la madini ya grafaiti, linaoshwa kwa sabuni. La hatari zaidi ni vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe yenye kwatsi. Chembe zake mbaya ni ndogo sana, nyembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi, kwa hiyo huwezi kuziona na huwezi kuzikohoa zikatoka. Bomba lako la kunyunyizia dawa chujio lake likiziba, unalifungua na kulisuuza. Mapafu hayasuuziki. Chembe zikishakaa ndani, mapafu yanajenga makovu kuzizunguka, na makovu hayo hayaondoki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye silikosisi pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Katika kuzunguka mashambani nimekutana na mkulima mmoja, rika langu, yuko kwenye miaka ya thelathini. Alikuwa anapalilia mahindi, na kila baada ya hatua chache anasimama, anaegemea jembe, anatafuta pumzi. Niliposalimiana na mama yake akaniambia, "Mtaalamu, huyu ametibiwa kifua kikuu mara mbili. Dawa amemaliza, kadi ninayo. Nimeuza ng'ombe wawili, na kikohozi bado kipo."

Nikamuuliza kijana alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kurudi shamba. Miaka tisa Mererani, mingi akichoronga. Je, hospitali waliambiwa? Hapana. Alipoulizwa kazi yake alisema mkulima, maana wakati huo alikuwa mkulima kweli, na kwenye kadi imeandikwa mkulima. Hakudanganya. Baadaye alikwenda tena akaeleza yote, akapigwa picha ya kifua, ikaonekana makovu ya vumbi. Mapafu yake hayakupona kwa kujua hilo. Lakini familia imeacha kuuza mifugo ikitafuta dawa isiyokuwepo, na yeye sasa anafuatiliwa na watu wanaojua wanatafuta nini. Kazi za jembe amepunguza, anasimamia kitalu cha miche.

Tatizo lingine lilibaki. Alipoulizwa alifanya kazi kwa nani, kitalu kipi, mwaka upi hadi upi, alikumbuka nusu nusu. Mwenye mgodi wa kwanza alimfahamu kwa jina la utani tu. Hakuwa na mkataba, alikuwa analishwa na kusubiri mgao mgodi ukitema, kama wengi wanavyofanya. Hana karatasi hata moja inayosema alipita kule.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu. Katika madai kama hayo, swali la kwanza ni lile lile: ulifanya kazi wapi na lini? Kwetu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaohusika pia na magonjwa yatokanayo na kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA. Lakini mtu asiye na ushahidi kwamba aliajiriwa anafika kwenye ofisi hizo mikono mitupu.

Mnakumbuka daftari la shamba ninalowasumbua nalo, tarehe ya kupanda, mbolea, dawa? La mgodi ni hilo hilo. Kijana aandike:

Tarehe aliyoanza na aliyoacha kila kazi.
Namba ya kitalu na majina kamili ya mwenye mgodi na msimamizi.
Kazi aliyofanya: kuchoronga, kulipua, kupakia au kuchekecha.
Kama walichoronga kwa maji au kikavu.
Majina ya wenzake wawili wanaoweza kumtolea ushahidi.

Na kabla hujatoa nauli, muulize au umpigie simu anayempokea:

Kwanza, mnachoronga kwa maji? Maji kwenye mashine hupunguza vumbi sana, kuliko kitambaa chochote cha kufunga puani. Kitambaa hakizuii chembe ndogo. Barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi husaidia ikikaa vizuri usoni, lakini maji ndiyo ya kwanza.

Pili, hewa inatoka wapi? Mashine ya hewa ikiwekwa karibu na moshi wa injini, inawapelekea walio chini sumu. Na baada ya baruti, mnasubiri moshi utoke kabla ya kushuka?

Tatu, mvua kubwa ikinyesha, kazi inasimama? Nani anatoa amri?

Nne, kuna kupimwa afya kabla ya kuanza? Picha ya kifua ya siku ya kwanza ni ushahidi kwamba uliingia mzima.

Tano, kuna mkataba wa maandishi?

Majibu yakiwa ni kicheko, umeshajibiwa.

Kwa akina mama mnaopeleka chakula na mnaochekecha mabaki kutafuta vipande: vumbi la kuchekecha nalo ni vumbi. Lowesheni mchanga inapowezekana, kaeni upande upepo unakotokea, na msiende na watoto. Nguo za mgodini zisikung'utwe ndani ya nyumba, zilowekwe moja kwa moja.

Kwa aliyekwisha kurudi: kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, kupungua uzito au kukosa pumzi, nenda kituo cha afya. Matibabu ya kifua kikuu ni bure, na ni lazima umalize dozi. Ukanda wetu una bahati ya kuwa jirani na Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyobobea kwenye kifua kikuu kwa miaka mingi, na kituo chako kinaweza kukupa rufaa. Acha sigara. Na ukiulizwa kazi, sema yote: "Sasa ni mkulima, lakini nilikuwa mgodini miaka kadhaa." Hata kama ni zamani. Hata kama hukuulizwa.

Kama nyumbani kwako yupo aliyewahi kwenda, usisubiri augue. Leo jioni baada ya chakula kaa naye, chukueni daftari la mtoto wa shule lililobaki kurasa, aandike anachokumbuka wakati bado anakumbuka.

Wiki ijayo tutarudi kwenye nyanya na ule mnyauko mnaonipigia simu.