Barafu ya Kushoto

Mimi ni Mfipa wa Sumbawanga. Baridi nimezaliwa nayo. Mji wetu uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni upepo wa milima ya Mbizi unawaotesha wazee moto hata mchana. Kwa hiyo nilipokwenda Moshi miaka ya 1990 kutafuta upagazi wa Mlima Kilimanjaro, kisha uongozi wa wageni, wenzangu waliniita “Mfipa wa baridi”.

Usiku wa kileleni ni kazi nyingine kabisa. Mnatoka kibanda cha Kibo, mita 4,720, usiku wa manane, mnapanda kokoto zinazoporomoka chini ya buti. Chupa ya maji tuliibeba kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu, na mdomo ukiziba hunywi tena. Kiongozi wetu, mzee wa Kichaga, aliniambia: “Mwanangu, mgeni atakudanganya kwa mdomo. Angalia miguu. Ikianza kupishana kama ya mlevi, mshushe hapo hapo.”

Wageni wengi walifika Gilman's Point wakiwa wameisha. Hapo tulikuwa na msaidizi mmoja mkubwa: barafu. Tukishapita Stella Point kunapambazuka, na kushoto kwetu unaanza kuonekana ukuta wake, mrefu, wa buluu kwa chini, wenye michirizi ya vumbi la miaka na miaka. Mgeni aliyekuwa amekaa chini akilia alisimama mwenyewe. Sikuhitaji kumbembeleza tena hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Mwaka hadi mwaka ukuta ule ulisogea mbali na njia. Barafu ya Furtwängler, ndani ya kreta, ilikatika vipande viwili mnamo 2007. Wataalamu walipima wakakuta asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikwisha kutoweka kufikia 2007. Miaka yangu ya mwisho mlimani wageni waliniuliza, “Barafu iko wapi?” Niliwaonyesha kwa fimbo, mbali, na moyo uliniuma kila mara.

UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu hiyo huenda ikaisha kabisa kufikia 2050. Sasa nimerudi nyumbani, na vijana wa Sumbawanga wanaokuja kuniuliza habari za mlima nawaambia waziwazi: wekeni akiba, ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, pandeni mapema. Mkipita Stella, tazameni kushoto.