Manjaniki ya Vijiti

Michezo ya watoto ni midogo machoni pa watu wazima, lakini si yote iliyo midogo kwa matokeo yake. Mtu aweza kusahau masomo mengi aliyofundishwa darasani kwa miaka mingi, asisahau mchezo mmoja alioucheza alasiri moja chini ya mwembe. Nami ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Katika insha hii nataka kueleza habari ya chombo kidogo nilichounda pamoja na mjukuu wangu kwa vitu vya nyumbani, na sababu iliyonifanya niogope kukiunda, na jambo nililojifunza katika umri ambao watu hudhani kuwa mimi ndiye mwenye kufundisha.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekaza. Shule zilikuwa zimefungwa, na mjukuu wangu, msichana wa miaka 10, alikuwa amekuja kukaa nasi Tanga. Mvua ilimzuia ndani kwa siku tatu. Siku ya nne alikuja barazani nilipokuwa nikisoma, akasimama mbele yangu kama mtu mwenye shauri kubwa, akasema:

"Babu, nitengenezee manati."

Sikumjibu upesi. Neno hilo ni jepesi kinywani mwa mtoto, lakini masikioni mwangu lina uzito wa jiwe. Nikamwambia kuwa manati haitengenezwi nyumbani kwangu. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu nimesema." Jibu hilo ni kimbilio la wazee wasiotaka kuulizwa, naye alilitambua, akainamisha kichwa akaondoka bila ya kubisha. Nilibaki na kitabu mkononi nisichokisoma. Nilijiona nimemdhulumu mtoto mara mbili: nimemnyima kitu, kisha nimemnyima na sababu yake.

Sababu yenyewe ni ya zamani. Nilipokuwa na umri wa miaka 11, hapakuwa na mvulana mtaani kwetu asiyekuwa na manati. Tulikata panda ya mpera, kwa kuwa mpera ni mgumu na haupasuki upesi. Tukachana vipande viwili vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Tukakata ulimi wa kiatu kibovu uwe mahali pa kushikia jiwe. Kila kimoja kilikuwa takataka kabla ya kuokotwa, na vyote viligeuka silaha vilipounganishwa. Tulishindana kuangua maembe, na naona aibu kusema kuwa tuliwapiga na ndege vilevile.

Alasiri moja nilikwenda na rafiki yangu katika shamba la miembe. Yeye alipanda mti, mimi nilibaki chini. Niliona embe lililoiva karibu na kilele, nikavuta mpira mpaka vidole vyangu vikagusa sikio. Katika nukta ile majani yalitikisika, nikatambua kuwa rafiki yangu amehamia tawi lile. Nilitambua; sitaki kusema kuwa sikuona. Lakini mpira ulikuwa umekwisha kuvutwa, na mkono ulikuwa ukitetemeka kwa nguvu zake, wala hapana mtu aliyepata kunifundisha namna ya kurudisha mpira uliovutwa bila ya kuuachia. Nilijua kuvuta na nilijua kuachia; jambo la tatu sikulijua. Vidole vikafunguka.

Jiwe lilimpata katika jicho la kushoto. Mama yake alipomwuliza, alisema kuwa kijiti cha mwembe kimemchoma. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, nikanyamaza. Jicho lile halikupona. Rafiki yangu alikua, akawa fundi wa cherehani, akashona nguo za nusu ya mtaa kwa jicho moja, na kanzu yangu ya harusi aliishona yeye. Alipokuwa akitunga uzi katika sindano aligeuza kichwa upande, kama ndege anayetazama punje; nami kila nilipomwona akigeuza kichwa hivyo, nilitazama chini.

Miaka mingi baadaye nilimwomba radhi. Alinijibu, "Jiwe lilikuwa lako, lakini mti nilipanda mwenyewe." Kisha akaendelea kushona. Niliupokea msamaha wake kwa shukrani, lakini nimeona kuwa msamaha huondoa deni la mtu kwa mwenziwe, hauondoi deni la mtu kwa nafsi yake. Mama yake alifariki bila ya kuisikia kweli kutoka kinywani mwangu, na mwana naye amekwisha kumfuata.

Hayo yote sikuwa nimepata kumsimulia mtu wa nyumba yangu. Asubuhi ile ya mvua nilimwita mjukuu wangu, nikamkalisha karibu nami, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho asiseme neno. Nilitazamia aseme kuwa nilikuwa mtoto mbaya, au anihurumie. Hakufanya moja katika hayo. Aliuliza:

"Babu, kama ungalifundishwa kuurudisha mpira, jicho lake lisingaliumia?"

Nikasema, "Pengine lisingaliumia."

"Basi nifundishe mimi."

Nilikosa la kusema. Kwa miaka zaidi ya hamsini niliamini kuwa somo la jicho lile ni kuwanyima watoto manati. Mtoto alisikia habari mara moja, akaona kuwa somo ni jingine. Hata hivyo sikuwa na moyo wa kuishika panda tena, na mawe sikuyataka. Tukapatana tuunde chombo cha jamaa ya manati, kidogo, cha kurusha kitu chepesi.

Chombo hicho ni manjaniki. Watoto wa pwani wa zamani zangu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika visa vya mitume, pale Namrudi alipotaka kumtia Nabii Ibrahimu katika moto mkubwa usiokaribika, ikabidi amrushe kwa mbali kwa manjaniki. Wagiriki nao walikuwa na vyombo vyao. Diodorus, mwandishi wa tarehe za kale, asema kuwa chombo cha namna hii kilibuniwa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, mwaka 399 kabla ya Kristo, mtawala Dionysius alipokusanya mafundi wa nchi nyingi kujiandaa kwa vita na Carthage. Vya kwanza vilifanana na upinde mkubwa; baadaye mafundi walitumia kamba za kano za wanyama na za nywele, zilizosokotwa mpaka zikawa na nguvu ya kurusha mawe mazito juu ya kuta za miji.

Sisi hatukuwa na kano wala mji wa kuhusuru. Tulikuwa na vijiti vya aiskrimu ambavyo mjukuu wangu alivikusanya katika kopo, kizibo cha chupa ya soda, gundi kidogo, mbegu za ubuyu alizokwisha kuzimumunya, na mipira myembamba ya kufungia mifuko ambayo bibi yake huiweka katika msumari wa mlango wa jiko. Bibi alipoona mipira inapungua alipaza sauti kutoka ndani:

"Mke mwenzangu, mkiimaliza mipira yangu, sukari nitaifunga kwa ndevu za mumeo?"

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tulipanga vijiti 7 kimoja juu ya kingine, tukavifunga ncha zote mbili kwa mipira vikawa kama tofali jembamba. Tulichukua vijiti 2 vingine, tukavifunga ncha moja tu, vikawa kama taya mbili zilizoungana nyuma. Kisha tukapanua taya hizo, tukaingiza lile tofali katikati yake, likakaa kwa kukingama, tukafunga mpira mahali vilipokutana. Kijiti cha juu kikabaki kimeinuka. Katika ncha yake tukagandisha kizibo, kikawa bakuli la kuwekea mbegu. Gundi ilipokauka, alikandamiza kizibo kwa kidole, akaachia. Mbegu iliruka, ikagonga ukuta, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua kuanza.

"Babu," aliuliza, "nguvu hii inatoka wapi? Kijiti hakina nyama."

Nilimwambia kuwa nguvu hiyo ni yake mwenyewe. Kidole chake kinapokandamiza, kijiti hupindika na mpira huvutika, navyo hupokea nguvu hiyo kama mtu anayewekewa amana. Akiachia, amana hurudishwa mara moja, na mbegu ndiyo inayoipokea. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni yake: maadamu kitu hakijavutwa kupita kiasi chake, nguvu kinayokuvutia nayo hukua sawasawa na kadiri ulivyokivuta. Kutoka katika kanuni hiyo hupatikana jambo ambalo macho hayalioni. Ukivuta mara mbili ya kwanza, amana iliyowekwa haiwi mara mbili, huwa mara nne. Kwa sababu hiyo kipande cha mwisho cha kuvuta, kile kinachoonekana kidogo, ndicho kinachoweka nguvu nyingi kuliko vyote vilivyotangulia. Nilipokuwa nikimweleza hayo nilikumbuka vidole vyangu vilipogusa sikio.

Tulijaribu kwa utaratibu, naye akaandika katika daftari. Kwa vijiti 3 katikati, mbegu ilianguka shubiri 6 kutoka chomboni, kwa shubiri zake mwenyewe. Kwa 5, shubiri 9. Kwa 7, shubiri 11. Akataka kutia 9. Nilimwacha, maana baadhi ya masomo hayafai kuambiwa mtu kwa maneno. Alipokandamiza, kijiti cha juu kililia, kikapasuka. Akanitazama. Nikamwambia kuwa kila chombo kina kiasi chake, na aliyekiunda hupaswa kukijua kabla ya aliyekielekea.

Tulipokuwa tukingoja gundi ya kijiti kipya ikauke, nilimsimulia habari ya mwaka 1304. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuwa ameihusuru ngome ya Stirling katika Scotland. Mafundi wake walikuwa wakijenga chombo kikubwa cha kurushia mawe, kilichojulikana kwa jina la Warwolf. Hiki hakikuwa cha kupindika wala cha kusokotwa. Nguvu yake ilitoka katika mzigo mzito ulioanguka upande mmoja, ukauinua upande wa pili wenye jiwe. Watu wa ngomeni walitaka kusalimu amri. Mfalme alikataa kuwapokea mpaka kwanza chombo chake kiipige ngome. Vita vilikuwa vimekwisha, adui amekubali, lakini kitu kilichojengwa kilitaka kutumiwa, na mfalme mwenye majeshi yote yale hakuweza kukizuia. Mjukuu wangu alifikiri kidogo akasema, "Na yeye hakujua kurudisha." Nikamwambia kuwa ndivyo.

Basi nikaweka sheria moja: kabla ya kurusha mara moja, sharti akandamize na kurudisha mara tatu, na mbegu ibaki katika kizibo. Alidhani ni kazi rahisi. Kurusha alijifunza kwa nukta moja. Kurudisha kulimchukua saa nzima. Kidole kikilegea upesi, mbegu huruka. Kikisita, hutetemeka, na mbegu huruka vilevile. Hana budi kukisindikiza kijiti njia nzima, akitoa nguvu kidogo kidogo kama alivyoitia, mpaka kijiti kisimame chenyewe. Nilijaribu mimi, mbegu ikaniponyoka mara nne. Mjukuu wangu hakunicheka.

Alasiri ile tuliweka kopo tupu la maziwa mwisho wa baraza, tukachora mstari wa chaki. Alirudisha mara tatu kama ilivyo sheria, kisha akakandamiza kwa kurusha. Wakati huohuo bibi yake alitokea mlangoni na sinia ya chai, akapita kati ya chombo na kopo, uso ameuinamisha kuvitazama vikombe. Mbegu ya ubuyu haimdhuru mtu mzima isipokuwa impate jicho. Nilifungua kinywa nipige kelele. Sauti haikutoka, kama isivyotoka siku ile chini ya mwembe.

Sikuhitajiwa. Niliona kidole kidogo kikipanda polepole pamoja na kijiti, kikipanda mpaka mwisho, na mbegu imekaa katika kizibo haikutikisika. Bibi aliweka sinia, akaniuliza mbona nimetoa macho. Nikasema chai inanukia vizuri. Alipokwisha kuingia ndani, mtoto alikandamiza tena, akarusha. Mbegu ilipita kando ya kopo, ikaangukia mvuani.

Sisi tunaosoma na kufundisha kazi yetu ni kuvuta: twakusanya elimu, na hoja, na pengine hasira, na kila siku twasifiwa kwa wingi wa tulichokikusanya na kwa umbali tunakokirusha. Ni nadra mtu kusifiwa kwa neno alilokuwa nalo tayari ulimini akalirudisha kwa sababu aliona mtu akipita. Sifa hiyo haina mashahidi; hata anayeokolewa haijui. Bibi yule alikunywa chai yake akilalamikia mvua.

Chombo kile kipo bado juu ya kabati langu la vitabu. Mpira umeanza kulegea na gundi imegeuka rangi. Laiti rafiki yangu angaliishi, akaiona mbegu ile ilivyotulia katika kizibo.