Mtaa Ulioingia Bure

Mwaka 1979 niliajiriwa kusafisha picha katika studio moja mjini Kisii, karibu na stendi. Mwenye studio tulimwita Fundi.

Kazi ilikuwa imefurika. Mwaka mmoja nyuma sheria ilikuwa imebadilishwa, wanawake nao wakaanza kusajiliwa; hadi hapo kitambulisho, mrithi wa kipande cha mkoloni, kilikuwa cha wanaume. Kina mama walitoka Nyaribari, Bobasi, hata Nyamira, ambayo bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Kisii. Wengi hawakuwa wamewahi kupigwa picha. Fundi angesema, "Mama, toa kitambaa, masikio yaonekane," na hapo shughuli ingesimama. Sisi Abagusii tuna chinsoni, haya ya heshima baina ya wakwe, na mara nyingi aliyemsindikiza mama alikuwa mkwewe, kasimama mlangoni! Nilitumwa kumwondoa kwa adabu, nimpeleke akanywe chai.

Wanaume waliazimwa koti la studio. Lilikuwa moja tu, la kijivu. Nadhani nusu ya walimu wa Kisii wa enzi ile walilivaa.

Hata hivyo, picha ninazozithamini sasa ni zile za nje. Jumapili tulipiga watu barabarani, na timu ya soka ya Shabana ilipocheza tulihamia Gusii Stadium. Mteja alilipia uso wake. Mtaa uliingia bure. Nyuma ya kijana anayejionyesha na suruali yake pana utaona Peugeot 404 za abiria, maduka ya mabati, mikungu ya ndizi ikishushwa. Leo ni ghorofa tupu, zimebanana. Uwanja nao ulibadilishwa sura kwa sherehe za Mashujaa za 2020.

Filamu za rangi zilitunyang'anya chumba cha giza, kisha simu zikamaliza. Studio ilipofungwa, maboksi ya negativu yaliachwa stoo, na Kisii hunyesha karibu mwaka mzima. Yaligandamana kama ugali wa jana, yakatupwa.

Kilichobaki kimo sebuleni mwenu. Toa albamu ya wazazi, uandike nyuma ya kila picha: nani, wapi, mwaka gani. Tumia penseli, maana wino hupenya. Na ukiipiga kwa simu uwatumie ndugu, usikate kando ukabakiza uso peke yake. Acha na mtaa.