Kilichomo Kidongeni

Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, fundi cherehani mmoja amejifunza kula upya uzeeni. Figo zake zimechoka. Mara tatu kwa juma hupanda basi katika Barabara ya Kilwa kwenda kusafishwa damu, akalala kando ya mashine kwa takriban saa nne. Dagaa aliowala tangu utotoni amewaacha. Soda nyeusi ameiacha. Maharage huyapima kwa kijiko, kama apimaye dhahabu. Anayemkimbia ni fosforasi: figo nzima huitoa pamoja na mkojo, figo mbovu huiacha ikalimbikizana katika damu, ngozi ikawasha, mifupa ikadhoofu, mishipa ya damu ikawa migumu. Mashine nayo huondoa sehemu tu.

Hata hivyo, kila vipimo virudipo, fosforasi i juu vile vile. Muuguzi humtazama kwa jicho la shaka. Bintiye humwuliza kwa upole, "Baba, kweli hukuonja dagaa?" Naye hujibu, "Mwanangu, wallahi sijawatia kinywani." Kuna uchungu wa maradhi, na kuna uchungu wa kutosadikiwa.

Siku moja binti alikikunjua kikaratasi kilichomo ndani ya boksi la dawa ya shinikizo la damu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Kati ya vitu visivyotibu, vinavyotiwa ili kidonge kipate umbo na ujazo, alikuta fosfeti ya kalisi. Kumbe chumvi hiyo imo katika baadhi ya vidonge vya amlodipini na lisinoprili, dawa ambazo wenye figo mbovu huandikiwa mara kwa mara. Jina limeandikwa, kiasi hakikuandikwa. Dawa ile ile ikitoka kiwanda kingine, huenda isiwe nayo kabisa. Na fosforasi inayotiwa viwandani kwa jumla huingia mwilini kwa wepesi kuliko ile ya maharage.

Katika kidonge kimoja ni kidogo, lakini mgonjwa wa figo humeza vidonge vingi kwa siku. Kimojawapo humezwa pamoja na chakula ili kuizuia fosforasi isiingie damuni. Basi kimoja chafukuza, kingine chakaribisha. Wala si busara kuitupa dawa ya shinikizo, kwani shinikizo huzimaliza figo na kuua. Lililo jema ni kuvichukua vikaratasi vyote na kumwuliza daktari au mfamasia kama ipo ya kiwanda kingine.

Huenda kidonge hakikuwa sababu yote. Hata hivyo binti alikaa na kalamu usiku kucha, akakifasiri kikaratasi mstari kwa mstari kwa Kiswahili, akakibandika ukutani juu ya cherehani. Asubuhi mzee alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akanyamaza kitambo.

"Basi," akasema, "sikuwa mwongo."