Doti Zilizododa

Mwaka 1983 hakukuwa na kanga ya kudoda Tanga nzima. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni zinafichwa uvunguni, sukari inagawiwa kwa kaya. Mzigo wa kiwanda cha Urafiki ukifika duka la ushirika, foleni ilianza kabla ya alfajiri, na mama alipokea doti aliyopewa bila hata kuifungua asome jina. Safari moja alirudi na kanga ya kuhimiza kilimo. Akaivaa harusini, na wenzake wakamwonea kijicho.

Baba mdogo, muuza kanga tangu sijazaliwa, ndiye aliyenifundisha neno lenyewe, kudoda, wakati huo likisikika kama hadithi ya kale. Kwake yeye ilikuwa doda ileile ya maji kudondoka tone tone: leo inatoka doti moja, mwezi ujao nyingine. Nimeyaamini maelezo yake, kwani aliyewahi kudodewa anajua kuwa mzigo haukatai moja kwa moja. Unakupa tamaa kidogo kidogo, ndiyo maana huutupi.

Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Kanga za India zikajaa, na wanawake wakaanza kuchagua. Walishika pindo, wakatazama mji, kisha wakasoma jina kwa sauti huku wakicheka. Jina la kumsuta mke mwenza liliisha kabla ya Idi. Jina la kuwausia vijana lilipandishwa rafu ya juu, likakaa huko mpaka mikunjo ikapauka. "Zimenidodea," alisema baba mdogo, na naapa alisema kwa majivuno kidogo. Mwaka mmoja nyuma asingekuwa na cha kumdodea.

Baadaye neno likatoka dukani, likaenda kwa watu: binti fulani kadoda kwao. Mabinti tu, lakini. Kaka yangu alifika miaka 40 bila mke, na sikusikia mtu akimsema hivyo.

Zile za kuwausia vijana zilikuja kuokolewa na kikundi cha kina mama waliotafuta sare ya harusi, doti 50 za aina moja. Kanga zilizopendwa hazikufika hata kumi. Zilizododa zilikuwapo karibu zote, zimepungua chache tu. Baba mdogo akapandisha bei.