Moshi wa Mikumi, Bata wa Kilosa

Mikumi

Mikumi ni mji wa barabara. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupumzika hapa baada ya kuvuka kilomita 50 za Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na jioni moshi wa nyama choma hutanda kando ya lami. Moto huo ni wa haraka, maana mlaji ana safari.

Shika barabara ya Kidatu kuelekea Ifakara, utakuta moshi mwingine: kambale wa Bonde la Kilombero, wamebanikwa juu ya moto mdogo hadi wakakauka na kuwa weusi. Samaki huyu hudumu kwa sababu maji yamemtoka. Moshi peke yake usingemhifadhi.

Bata bukini wa Misri wapo pia, kwenye mabwawa ya viboko ya uwanda wa Mkata. Hao ni wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, nao ni wa kutazamwa tu. Bata wa jikoni nimemfuata Kilosa.

Kilosa

Huu ni mji wa reli, na bata wake wanafugwa uani: wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Kidari chao ni chekundu sana, na mafuta yamekaa chini ya ngozi. Mchuzi wa nazi unakifaa, lakini moshi unakifaa zaidi.

Chanja ngozi bila kufikia nyama. Paka gramu 20 za chumvi kwa kilo, pamoja na pilipili manga, kisha laza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi futa, acha ngozi ikauke kabisa, kwani penye unyevu moshi huacha masizi.

Tandika vipande vikavu vya kuni za mwembe au mpera ndani ya sufuria kubwa kuukuu, kwenye kitako. Juu yake weka sahani ya maji ya kukinga mafuta, maana yakidondokea moto hutoa moshi mchafu. Kisha wavu, kidari, na mfuniko uliobana. Moto wa mkaa uwe wa wastani, na kazi ifanyike nje. Msonobari usiutumie, una utomvu. Wala mbao zilizopakwa rangi au dawa. Huko Sichuan, China, bata hufukizwa kwa majani ya chai na mti wa kafuri. Konzi moja ya chai ya Mufindi ingefanya vizuri hapa.

Kidari kiive hadi nyuzi 74 katikati, kisha kigeuze upande wa ngozi kwenye kikaango mpaka mafuta yachuruzike na ngozi iwe kavu.

Nikilinganisha

Moshi wa kambale ni wa akiba, wa bata ni wa ladha. Kidari bado kina maji yake. Ukikitundika darini kama samaki, joto la Kilosa litakiozesha. Weka kwenye friji, ukile ndani ya siku tatu.

Ila moto wa polepole na subira ni vilevile, na wabanikaji wa Kilombero wanavijua kuliko kitabu chochote cha upishi. Kilosa ina bata, na baadhi ya vijiji vyake huchoma mkaa kwa mpango katika misitu vinayoisimamia vyenyewe. Mikumi ina wateja wanaopita kila siku wakiuliza nyama. Mpishi wa Mikumi atakayeagiza bata kupitia barabara ya kijiji cha Ulaya atakuwa na chakula ambacho msafiri atakubali kukisubiri.