Kila Samaki na Uwanja Wake

Kazi ya samaki wa mapambo niliianzia majini, upande wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, nikimfuata mjomba wangu aliyekuwa mzamiaji. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia na maji yakiwa maangavu, tulitanda wavu mwepesi kando ya mwamba. Mmoja alimswaga samaki polepole, mwenziwe akamkinga kwa wavu wa mkono. Eneo la hifadhi ya Kisite hatukuligusa, maana kuvua kule ni marufuku. Kusi ikivuma tulibaki nchi kavu kuhudumia matangi. Mjomba hakuniruhusu kumkamata samaki kabla sijamtazama vya kutosha. Anakula nini? Analala wapi? Anamfukuza nani? Maswali hayo ndiyo yaliyonilisha baadaye, nilipoacha kuzamia nikawa fundi wa matangi ya nyumbani Mombasa.

Mwenye tangi dogo humpima samaki kwa urefu aliouona dukani: ni kama kidole, basi atatosha. Mimi hupima uwanja anaoutawala baharini. Kangaja wa buluu, mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, anapendwa sana. Mwambani hushinda akizunguka na kukwangua mwani mchana kutwa, na akikomaa hupita sentimita 20. Ukimtia katika lita 120 atakwenda na kurudi kiooni, atakonda, kisha atatokwa na vidoa vyeupe vya vimelea. Katika maji machache, mgonjwa mmoja huwaambukiza wote.

Kifuu mweusi ana ubaya wa namna nyingine. Akiwa mchanga ni mdogo mno, ana doa jeupe kwenye paji na jingine kila ubavu, bei yake ni nafuu na hafi upesi. Kwa hiyo watu humtanguliza yeye kulijaribu tangi jipya. Akishazoea, hakuna pembe isiyo yake. Kila aingiaye baada yake hupigwa hadi mapezi yachanike. Mara nyingi nimeitwa kumtoa kifuu mmoja, na hapatikani mpaka mawe yote yabomolewe.

Mteja mmoja wa Nyali alikuwa na tangi la lita 120 hasa, na alikwisha kumchagua kangaja wake.

"Fundi, huyu ndiye nimtakaye."

"Bwana, huyu atakufia. Nipe nafasi nikuonyeshe wengine."

Kwanza tuliliacha tangi na mawe na chumvi yake, gramu 35 hivi kwa lita, kwa majuma kadhaa bila samaki, ili bakteria wanaogeuza amonia wazaliane. Nilipima maji mpaka amonia na nitriti zikaisha. Samaki wa kwanza alikuwa yule mwembamba mwenye kichwa cha manjano hafifu na mkia mwekundu, ambaye baharini huelea juu ya tundu lake akidaka vijidudu vinavyopita. Ni mwoga, ndiyo maana alitangulia, apate kuchagua tundu bila kusumbuliwa. Akishtuka huruka, kwa hiyo tulifunika tangi kwa wavu wa matundu madogo. Sikumpa mwenzake, kwa kuwa wawili wasio jozi hupigana.

Waliofuata ni samaki-anemoni wawili, wale wa rangi ya chungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni. Hapa ndipo ninapowasisitizia wanunuzi: chukua wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Samaki hawa huanza wote madume. Mkubwa hugeuka jike, wa pili hubaki dume, na jike akifa dume hushika nafasi yake. Samaki wawili waliokomaa wa kimo kimoja, kila mmoja keshakuwa jike, watauana. Anemoni yenyewe sikuitia, kwa kuwa inataka mwanga mkali na maji yaliyokwisha kukomaa. Pia samaki hawa wakiwa na anemoni huilinda kwa ukali, na ndani ya lita 120 jirani hana pa kukimbilia. Kabla ya kuwatia nilihamisha mawe mawili matatu, mwenyeji asiwe na mpaka wa zamani wa kuutetea, lakini tundu lake sikuligusa.

Wakatosha, watatu.

Yupo samaki mmoja ambaye siku hizi simletei mtu yeyote: yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni anayesafisha wenzake. Nilipokuwa nikizamia niliwaona chewa na pono wakimngoja kwa zamu kituoni pake, vinywa wazi, awatoe vimelea. Tangini hakuna wateja wa kutosha, na wengi wa jamii yake hufa njaa. Mahali pake ni mwambani. Mteja akimtaka, humpa kamba msafishaji, yule mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe katikati. Huyo naye husafisha samaki, lakini hula pia mabaki ya chakula, na kwenye tangi dogo hapigani na samaki wapole.